Mwongozo kamili: jinsi ya kuhakikisha mwenyewe kwamba homoni ya kichwani ndo inawasha feromoni ya nondo jike

Niweke sawa kwanza, nondo ninayemuongelea hapa ni yule mdudu anayegongagonga taa usiku, siyo zile za kumwagia zege, ingawa ukweli leo nashusha nondo kuhusu nondo kwa hiyo zote zimo.

Jike wa nondo akiwa tayari kupandwa hahangaiki kumtafuta dume. Anatulia mahali, anasukuma ncha ya tumbo nje, na tezi iliyoko pale inaachia harufu ambayo dume anaifuata akiukata upepo mpaka anamfikia. Kitendo hicho tunakiita kuita, na harufu yenyewe ndo feromoni. Wengi wanaishia hapo, wanaongelea mitego ya feromoni basi. Mimi kinachonivutia ni swali la nyuma yake: nani anaiambia tezi anza sasa, acha sasa? Maana jike huyohuyo ukimpima saa za mwanga unakuta karibu na sifuri, ukimpima giza likishaingia unakuta makumi ya nanogramu, alafu akishapandwa inashuka tena ndani ya masaa machache. Tezi haijiamulii yenyewe hayo yote.

Feromoni ya kwanza kabisa kutambuliwa, bombikoli ya nondo wa hariri, ilitangazwa mwaka 1959 na Adolf Butenandt na wenzake, walitumia majike kama 500,000 na kazi iliwachukua karibu miaka 20. Baada ya hapo kwa muda mrefu watu waliona nondo hana haja ya homoni kwenye hili jambo, hoja yao ilikuwa kwamba akiwa mkubwa anaishi siku chache tu, sasa adhibiti nini? Mwaka 1984 watafiti Ashok Raina na Jerome Klun wakafanya kitu rahisi mno: walifunga shingo za majike wa Helicoverpa zea (nondo ambaye kiwavi wake anakula mahindi), feromoni ikakosekana, wakawachoma sindano ya maji ya ubongo wa nondo wengine, feromoni ikarudi. Mwaka 1989 homoni yenyewe ikasomwa asidi amino moja baada ya nyingine, ni peptidi (mnyororo mfupi) ya asidi amino 33 na inaitwa PBAN, kifupi cha Kiingereza cha peptidi ya neva inayoamsha utengenezaji wa feromoni, na mwaka huohuo ya nondo wa hariri nayo ikapatikana, nayo ni 33. Jaribio la 1984 ndo tunalirudia hapa, ila kwa vifaa vizuri zaidi.

Ielewe njia kabla hujashika mkasi

PBAN inatengenezwa na seli chache za neva kwenye ganglioni (fundo la seli za neva) iliyo chini ya umio, hapohapo chini ya ubongo, ndo maana watu wanasema tu "ubongo" kwa kurahisisha. Inasafiri ndani ya neva mpaka kwenye korpora kardiaka, vitezi viwili nyuma ya ubongo, na kutoka hapo inamwagwa kwenye damu ya mdudu. Damu inaipeleka hadi mwisho wa tumbo, kati ya pingili ya 8 na ya 9, ambako tezi ya feromoni ni tabaka moja tu la seli kwenye ngozi laini inayounganisha hizo pingili. Pale inakamata kipokezi kwenye utando wa seli, kalsiamu inaingia ndani kwa wingi, na vimeng'enya vinaamka.

Hapo kwenye kuamka ndo panapochekesha, kwa sababu nondo wote wanatumia homoni karibu ileile ila hawafungui koki moja. Feromoni inajengwa kwa kutengeneza asidi ya mafuta (mara nyingi yenye kaboni 16 au 18), kimeng'enya kinaweka kifungo maradufu mahali maalumu, mara nyingine mnyororo unafupishwa, mwisho kichwa cha molekuli kinabadilishwa kuwa alkoholi, aldehaidi au asetati. Kwa Helicoverpa PBAN inafungua koki kule kwenye chanzo, yaani inasukuma utengenezaji wa asidi ya mafuta kuanzia mwanzo, na kalsiamu ikishaingia inapandisha cAMP, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Kwa nondo wa hariri tangi limeshajaa, seli zina matone ya mafuta yaliyowekwa akiba mapema, kwa hiyo PBAN inafungua koki ya mwisho: mafuta yanaachiwa kutoka kwenye matone na kugeuzwa kuwa alkoholi, na cAMP haimo kabisa. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya spishi moja usiyabebe mzimamzima kuyapeleka kwa nyingine, hili kosa naliona kila siku.

Hatua ya 1: pata majike ambao hawajapandwa na unajua umri wao

Chagua Helicoverpa armigera (funza wa vitumba) au nondo wa hariri. Nondo wa hariri ni mpole, haruki, hata ukimwacha mezani utamkuta, ila saa zake za kuita ni za mwanga, siyo giza kama wengine, kwa hiyo saa zote nitakazotaja hapa chini mgeuzie. Mimi natumia Helicoverpa kwenye maelezo haya.

Viwavi wa Helicoverpa wafuge kila mmoja na kichupa chake, wakiwa pamoja wanakulana. Joto nyuzi 25 hadi 27, mwanga masaa 14 giza masaa 10. Wakishakuwa pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) watenganishe jinsia ukitumia hadubini ndogo: geuza pupa tumbo juu uangalie ncha ya nyuma, jike ana kijipasuo kwenye pingili ya 8, dume ana vinundu viwili vidogo vyenye mstari katikati kwenye pingili ya 9. Fanya mara mbili, leo na kesho, kwa sababu dume mmoja aliyeponyoka kwenye kizimba cha majike atakuharibia wiki nzima na hutajua kilichotokea, utaona tu baadhi ya majike hawana feromoni na utaanza kulaumu mashine.

Kila siku saa ileile toa waliotoka kwenye pupa, waandikie tarehe, wape pamba yenye maji ya sukari asilimia 10. Tumia wa siku 2 hadi 3. Wa siku ya kwanza wengi bado hawajaanza kuita.

Alafu jirahisishie maisha, geuza saa ya chumba chao ili giza lao liangukie mchana wako. Wape angalau siku 3 au 4 wakiwa bado pupa wazoee. Kazi ya gizani fanya na taa nyekundu hafifu. Ukiwasha taa ya simu "sekunde moja tu" basi umeshawavuruga.

Hatua ya 2: kufunga shingo, na saa ya kufunga

Hapa ndo jaribio linapokufa au kupona. Homoni inamwagwa kuelekea giza kuingia na mwanzoni mwa giza. Kwa hiyo kichwa kiondoke wakati bado kuna mwanga, mapema, masaa kadhaa kabla. Mimi mara ya kwanza nilichelewa, nikafunga shingo karibu saa moja baada ya giza kuanza, majike wangu wasio na vichwa wakawa na feromoni nyingi tu kama wazima, na nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye daftari kwamba homoni haihusiki. Kumbe ilishaingia kwenye damu kabla uzi haujakaza! Toka siku hiyo naandika saa na dakika ya kila jike.

Mpoze jike kwenye barafu dakika chache atulie (mweke kwenye kichupa, asiguse barafu moja kwa moja). Chini ya hadubini zungushia uzi mwembamba kati ya kichwa na kifua, kaza, funga fundo, ndo ukate kichwa mbele ya fundo. Ukikata bila kufunga damu inavuja na utakuwa unapima nondo anayekufa. Aliyefungwa vizuri anaweza kuishi siku nzima na zaidi, miguu inachezacheza ukimgusa, inatisha kidogo mwanzoni lakini utazoea. Waweke kwenye bakuli lenye karatasi mbichi wasikauke. Waache mpaka siku ya pili, masaa 24 hivi, ili homoni iliyobaki kwenye damu iishe.

Hatua ya 3: andaa PBAN na maji ya ubongo

PBAN ya kutengenezwa unaagiza kwa kampuni zinazounda peptidi. Kitu kimoja tu usikosee kwenye oda: mwisho wa peptidi lazima uwe na amaidi, yaani kundi la nitrojeni badala ya asidi ya kawaida. Asidi amino 5 za mwisho, fenilalanini, serini, prolini, ajinini na lusini yenye amaidi, ndo sehemu inayoshika kipokezi, na hata kipande hicho peke yake kina uwezo fulani wa kuiamsha tezi. Ukiletewa yenye mwisho wa asidi ya kawaida utachoma nondo mpaka uchoke.

Hesabu yake haina ugumu. PBAN ya Helicoverpa zea ina uzito wa molekuli karibu 3,900, kwa hiyo miligramu 0.1 ni nanomoli 25.6. Iyeyushe kwenye maikrolita 256, unapata maikromola 100. Gawanya kwenye vichupa vidogovidogo, gandisha nyuzi -20 au chini zaidi, usiwe unayeyusha na kugandisha kichupa kilekile. Siku ya kazi punguza mara 100 kwa maji ya chumvi ya wadudu upate maikromola 1, hapo maikrolita 5 zina pikomoli 5, yaani kama nanogramu 20, dozi nzuri ya kuanzia. Ongeza albumini kidogo kwenye hayo maji maana peptidi inapenda kung'ang'ania kuta za plastiki, na hiyohiyo albumini iwepo kwenye maji ya kundi la kulinganishia pia.

Maji ya ubongo: toa ubongo pamoja na ganglioni ya chini ya umio kutoka kwa nondo wengine, saga kwenye maji ya chumvi baridi, chemsha dakika chache ili vimeng'enya vinavyokula protini vife (PBAN yenyewe inavumilia joto), zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Kiasi sawa na ubongo mmoja kwa kila jike kinatosha. Na hapa kuna kitu kitakushangaza, ubongo wa dume nao unafanya kazi. Dume hana tezi hii lakini homoni anayo, kwa sababu jeni hiyohiyo inatoa peptidi tano za ukoo mmoja zenye kazi nyingine mwilini, mojawapo ndo inayolalisha mayai ya nondo wa hariri ili yasianguliwe msimu mbaya.

Hatua ya 4: makundi

Usiwe bahili hapa. Mimi naweka haya, kila moja majike 10 au zaidi:

- wazima, wanapimwa masaa 2 hadi 4 ndani ya giza
- wazima, wanapimwa kwenye mwanga
- wasio na kichwa, sindano ya maji ya chumvi
- wasio na kichwa, sindano ya PBAN
- wasio na kichwa, sindano ya maji ya ubongo
- wazima kwenye mwanga, sindano ya PBAN

Kundi la mwisho watu wanalisahau na ni tamu kuliko yote. Likipanda, limekuambia kwamba mchana tezi haijalala kwa kukosa nguvu, mashine zote zipo tayari, kilichokosekana ni ishara tu. Na la tatu na la nne lazima yaende pamoja, kwa sababu kukata kichwa kunaondoa mengi zaidi ya PBAN, unaondoa ubongo, unaondoa korpora kardiaka na pia korpora alata zinazotoa homoni ya ujana. Feromoni kushuka baada ya kukata hakuthibitishi chochote mpaka irudi kwa sindano.

Hatua ya 5: sindano

Sindano ya maikrolita 10 yenye ncha nyembamba kabisa. Ingiza ubavuni kwenye ngozi laini kati ya pingili mbili za tumbo, ukielekeza sindano ilale sambamba na ngozi, ukiisimamisha wima utatoboa utumbo. Sukuma taratibu, hesabu hadi tano ndo uchomoe. Tone likirudi nje, mtoe huyo jike kwenye hesabu, usijidanganye kwamba nusu iliingia.

Subiri dakika 60 hadi 120. Kama una nondo wa kutosha fanya mkondo wa muda, dakika 15, 30, 60, 120, 240, utaona inapanda alafu inarudi chini maana peptidi inavunjwavunjwa na feromoni yenyewe inapotea.

Hatua ya 6: kutoa tezi na kupima

Minya tumbo polepole mpaka ncha ichomoze, kata kwa mkasi mdogo nyuma ya pingili ya 8, ondoa mayai na mafuta yaliyonata, tumbukiza kwenye kichupa chembamba chenye maikrolita 10 hadi 20 za heksani. Heksani iwe imeshawekwa kiwango cha ndani, yaani kampaundi ambayo nondo wako hana, mfano asetati ya tridekili nanogramu 20. Dakika 10 hadi 30 zinatosha, ukiiacha usiku kucha unavuta mafuta mengine yatakayochafua koloni, ule mrija mrefu wa mashine ya kupimia. Fanyia kazi hii penye hewa inayotoka, heksani inashika moto haraka na haifai kuvutwa. Kama hupimi siku hiyo, gandisha, aldehaidi hazivumilii kukaa nje.

Kwenye mashine ya kromatografia ya gesi tumia koloni yenye polariti, mita 30, anza nyuzi 60 au 80, panda nyuzi 10 kwa dakika hadi 230 hivi. Kwa Helicoverpa armigera unatafuta Z11-heksadekenali, ndo kubwa, na Z9-heksadekenali kidogo pembeni. Kabla ya sampuli yoyote pitisha hizo mbili za kununua ujue zinatoka dakika ya ngapi. Hesabu: eneo la feromoni gawa kwa eneo la kiwango cha ndani, zidisha kwa nanogramu za kiwango. Tuseme kiwango cha nanogramu 20 kina eneo 5,000 na feromoni 12,000, basi ni 2.4 mara 20, nanogramu 48.

Majike hawafanani, mmoja ana 15 mwenzake wa umri uleule ana 120, kwa hiyo wastani tu utakudanganya. Chora nukta ya kila jike. Kwenye takwimu badilisha kuwa logi kwanza au tumia vipimo visivyotaka mgawanyo wa kawaida.

Ukitaka kwenda ndani zaidi

Toa tezi hai, isafishe, iache itulie saa moja kwenye tone la maji ya kulishia seli za wadudu, alafu weka tone jipya lenye PBAN masaa 3. Ikitengeneza feromoni humo, umethibitisha homoni inaigusa tezi moja kwa moja bila kupitia neva. Sasa rudia kwenye maji yasiyo na kalsiamu, na uongeze EGTA ya kuifunga iliyobaki: PBAN inakuwa kama maji. Alafu kinyume chake, weka ionofoa inayopitisha kalsiamu bila PBAN kabisa, na tezi inaamka. Kwa Helicoverpa jaribu pia cAMP iliyoundwa ipenye utando, inaamsha, ila kwa nondo wa hariri hutaona kitu, na ndo utakuwa umeiona ile tofauti ya koki kwa macho yako.

Ikigoma

Wasio na kichwa wana feromoni: ulifunga kwa kuchelewa, au hukusubiri masaa 24. Karibu kila mara ni hilo.

PBAN hairudishi kitu lakini maji ya ubongo yanarudisha: peptidi yako ni mbovu, angalia amaidi, angalia ilivyohifadhiwa. Vyote viwili havirudishi: wape majike siku nyingine moja ya umri, na kagua kama walipandwa, pasua tumbo utafute kifuko cha mbegu alichoacha dume. Dume wa Helicoverpa akipanda anaacha pia vitu kutoka kwenye tezi zake za ziada ambavyo vinaizima feromoni ya jike.

Majike wazima gizani hawana: taa imevuja, au uligeuza saa juzi tu. Ila kama spishi yako ni ya wale wanaohama umbali mrefu kama Mythimna unipuncta, fikiria homoni ya ujana. Watafiti Michel Cusson na Jeremy McNeil walionyesha mwaka 1989 kwamba jike wa huyu akiondolewa korpora alata haiti wala hatengenezi, na ukimpa homoni ya ujana anarudi, yaani kuna homoni juu ya homoni. Kwa mdudu kama huyo usimkate kichwa siku aliyotoka kwenye pupa ukategemea sindano ya PBAN imalize kila kitu.

Na kama umechagua nondo aitwaye "Trichoplusia ni" (hiyo "ni" ni sehemu ya jina lake) kwa sababu anafugika kirahisi, badilisha tu mdudu. Yule tezi yake inatengeneza feromoni mchana na usiku bila kusubiri PBAN, kinachodhibitiwa ni kuiachia, na vimeng'enya vyake vinajitokeza homoni ya kujivua ngozi ikishuka mwishoni mwa upupa. Utamkata kichwa, utamchoma sindano, na nambari zitabaki palepale.